Lushoto, Rombo au Taita: kuchagua njia ya milimani kwa mwendesha baiskeli anayetaka utulivu

Mwendesha baiskeli anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mombasa au Nairobi, na ambaye amechoka kupitwa na mabasi kwa umbali wa shubiri moja, anaweza kufika kwa siku moja ya safari katika mojawapo ya milima mitatu ambayo barabara zake zinafaa sana kwa baiskeli. Wa kwanza ni Usambara Magharibi, unaopandwa kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto. Wa pili ni ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro, ambako barabara ya lami inatoka Himo, inapanda Marangu, kisha inaambaa na mlima kupitia Mwika, Mkuu na Useri hadi Tarakea. Wa tatu ni Milima ya Taita nchini Kenya, inayopandwa kutoka Mwatate hadi Wundanyi. Kote huko kuna vijiji vya kale, mashamba yaliyopanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye ukingo wa msitu, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa pwani huikumbuka mwaka mzima. Hata hivyo njia hizi hazifanani, na anayechagua bila kuzijua tofauti zake anaweza kujikuta na baiskeli isiyofaa mahali asipopamudu.

Utulivu unatoka wapi

Kipimo changu cha kwanza ni utulivu, nacho kinahitaji maelezo. Barabara inayopitisha magari ishirini kwa saa, yote yakienda mwendo wa kilomita thelathini kwa sababu kona haziruhusu zaidi, ni tulivu kuliko barabara iliyonyooka inayopitisha magari matano tu yanayokimbia kilomita mia moja kwa saa. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila njia ni kwamba inakwenda wapi, na ni nani anayelazimika kuipita.

Barabara ya Lushoto inaishia milimani. Hakuna lori la masafa marefu linaloweza kuitumia kama njia ya mkato, kwa sababu upande wa pili wa Usambara hakuna mji mkubwa wa kulipokea. Kila anayeipanda anakwenda kwao au ana shughuli huko huko. Magari utakayokutana nayo ni mabasi ya Tanga na Dar es Salaam, Hiace za abiria, bodaboda, na Fuso zinazoshusha kabichi, karoti na nyanya kwenda masokoni. Fuso hizo ndizo za kuangaliwa, kwa kuwa barabara ni nyembamba, upande mmoja kuna ukuta wa mwamba na upande mwingine korongo, na dereva aliyebeba mzigo mzito hapendi kuacha mstari wake. Lakini madereva wa njia hiyo wana desturi njema ya kupiga honi kabla ya kila kona, na mwendesha baiskeli akijifunza kuisikiliza, atajua mapema kinachomjia.

Barabara ya Rombo ni jambo jingine. Ina lami pana na nzuri, inafika mpakani Tarakea, na inapita katikati ya watu wengi mno, kiasi kwamba kutoka Marangu hadi Mkuu ni vigumu kusema kijiji kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Malori makubwa ni machache. Kinachovunja utulivu ni magari madogo ya abiria, yale ya Noah, yanayosimama ghafla mbele yako kumshusha mama mwenye ndizi, na pia magulio, kwani siku ya soko barabara hugeuka kuwa sehemu ya soko lenyewe. Nje ya siku hizo, hasa asubuhi kabla ya saa tatu, ni barabara ya kufurahisha kabisa. Jambo moja nalisisitiza: usiende Rombo katika nusu ya pili ya Desemba. Wachaga waliosambaa mijini hurudi nyumbani kwa Krismasi, familia nzima na gari lake, na barabara ile ile iliyokuwa na nafasi mwezi Septemba haina pa kupumulia hadi mwaka mpya upite.

Milima ya Taita, ukishaingia, ni mitulivu kupita yote. Kazi iko katika kuifikia. Barabara ya Voi hadi Taveta sasa ni ya lami na inaendelea hadi Holili upande wa Tanzania, kwa hiyo ina malori ya mizigo yanayokwenda kasi kwenye tambarare iliyonyooka. Isitoshe, inapita katika nchi ya tembo, kati ya sehemu mbili za Hifadhi ya Tsavo, na wanyama hao huvuka barabara wanapotaka, hasa alfajiri na jioni. Kwa sababu hizo mbili nashauri bila kusita kwamba baiskeli ipandishwe matatu kutoka Voi hadi Mwatate, umbali wa kilomita 25 hivi, na safari ya pedeli ianzie pale ambapo barabara ya Wundanyi inachepuka kuelekea mlimani. Kuanzia hapo magari hupungua mara moja, na baada ya Wundanyi, ukielekea Wesu, Werugha na Mghange, unaweza kukaa muda mrefu bila kusikia chochote isipokuwa ng'ombe na watoto wanaotoka shule.

Kupanda na kushuka

Katika karatasi, mpando wa Lushoto ndio unaotisha. Mombo iko chini tambarareni kwenye joto la mkonge, na Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, yaani unapanda karibu mita 1,000 katika kilomita 33 hivi. Miguuni hali ni tofauti, na sababu yake ni ya kihistoria. Njia hii ilichongwa wakati wa utawala wa Wajerumani ili kuufikia mji waliouita Wilhelmstal, ambao ndio Lushoto ya leo, na waliochonga waliufuata mto korongoni badala ya kuukabili mlima uso kwa uso. Matokeo yake ni mpando mrefu wenye mwinuko wa kadiri, usiokukatisha pumzi ghafla. Sehemu ngumu ni kati ya Mombo na Soni, ambako kona hufuatana na joto la chini bado linakufuata. Ukipita maporomoko ya maji ya Soni, bonde linafunguka, hewa inabadilika, na kilomita zilizobaki hadi Lushoto ni za kupanda taratibu kando ya mashamba ya mboga. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida, anayeweza kuendesha kilomita 60 za tambarare bila kuchoka sana, ataumaliza mpando huu kwa saa tatu akisimama kunywa chai Soni.

Rombo inadanganya kwa namna yake. Kutoka Himo hadi Marangu Mtoni ni mpando wa wazi wa kilomita kumi na kitu, na ukiumaliza unadhani kazi imekwisha kwa kuwa barabara inaanza kuambaa na mlima badala ya kuupanda. Lakini Kilimanjaro umekatwa na mito mingi inayoteremka kutoka msituni, na barabara inalazimika kuivuka yote. Kila mto una korongo lake: unashuka kwa kasi, unavuka daraja, unapanda tena, unapumua kidogo, na mto mwingine umefika. Katika kilomita takriban 60 kati ya Marangu na Tarakea hakuna kilima kimoja kikubwa cha kusimulia, lakini vile vidogo vikijumlishwa vinachosha kama mlima. Uzuri wake ni kwamba kila mteremko ni mfupi na unaona mbele, kwa hiyo mtu asiye na uzoefu wa kushuka milima hujifunza hapa pasipo hatari kubwa. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwapeleka wanaoanza Rombo na si Lushoto.

Wundanyi ni fupi na kali. Kutoka Mwatate ni kilomita 15 hivi tu, na sehemu kubwa ya kimo imebanwa katika kona za kupindana ambazo, ukitazama chini kutoka juu, zinaonekana kama kamba iliyotupwa juu ya jiwe. Hapa mtu asiye na gia nyepesi atashuka na kusukuma, na wala si aibu. Kisha kufika mjini hakumalizi chochote: barabara zinazoendelea juu kuelekea Werugha na kwenye miguu ya Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita chenye mita zaidi ya 2,200, zina vipande vyenye mwinuko mkali kuliko chochote utakachokipata katika njia zile mbili nyingine.

Kushuka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda, na hapa Lushoto ndiyo inayodai zaidi. Kutoka Soni hadi Mombo unashuka mfululizo, na anayeminya breki muda wote bila kuachia hupasha moto rimu za magurudumu hadi tyubu inaweza kupasuka. Niliwahi kusimama katikati ya mteremko huo na kuigusa rimu yangu. Sikuweza kuacha kidole hapo hata kwa sekunde moja. Njia sahihi ni kupunguza mwendo kwa nguvu kabla ya kona, kuachia kabisa ndani ya kona, na kusimama mara moja au mbili njiani hata kama hujachoka. Wundanyi ina mteremko mkali zaidi lakini mfupi, kwa hiyo breki hupata nafuu mapema.

Vijiji na yaliyopita ndani yake

Kwa anayetafuta vijiji vya kale, naona Usambara imeizidi milima mingine kwa mbali, na sehemu hii naomba nafasi zaidi kuieleza.

Soni yenyewe ni njia panda. Ukiiacha barabara ya Lushoto hapo, unaingia katika nchi ya Vuga, kilichokuwa kitovu cha ufalme wa Washambaa chini ya ukoo wa Wakilindi. Simulizi ya mwanzilishi wake, Mbegha, inajulikana kwa kila mtoto wa Usambara: mwindaji aliyetoka Unguu, aliyewaondolea wenyeji nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama kwa ukarimu, na mwishowe akapewa utawala na kuitwa simba. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya Kimweri ye Nyumbai, mamlaka ya Vuga yalifika hadi pwani, na mmisionari Ludwig Krapf alifunga safari kwenda kumwona mfalme huyo mwaka 1848. Baada ya Kimweri kufariki, mwanawe Semboja, aliyekuwa amejikita Mazinde chini tambarareni, aligeuza mizani. Misafara ya biashara ilipita chini, bunduki zilipita chini, na aliyekuwa chini akawa na nguvu kuliko aliyekuwa kwenye kiti juu. Vuga ilishambuliwa na kuchomwa moto.

Ninalisimulia hili kwa sababu mwendesha baiskeli analiona kwa macho yake. Mazinde iko kando ya barabara kuu, kaskazini kidogo ya Mombo. Vuga iko juu ya mgongo wa mlima. Ukiwa umepanda kutoka kwenye joto la mkonge hadi kwenye migomba na ukungu, kwa nguvu za miguu yako, unaelewa kwa nini mfalme alijisikia salama huko juu, na kwa nini usalama huo haukutosha mara biashara ilipohamishia uzito wake chini.

Zaidi ya Lushoto, barabara inapanda hadi Magamba, ambako kuna msitu wa asili uliohifadhiwa, kisha inagawanyika kuelekea Mlalo na Mtae. Mlalo ni kijiji ambacho hakina mfano wake katika njia hizi tatu: nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, zimebanana juu ya kilima bondeni, na ng'ambo yake kuna misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1891. Mtae uko mbali zaidi, kwenye ncha ya mlima ambako ardhi inakatika ghafla na chini yake kuna mbuga ya Mkomazi. Anayeweza kulala usiku mmoja huko na aamke kabla ya jua afanye hivyo, kwa maana alfajiri safi inaonyesha nyanda zote hadi ng'ambo ya mpaka. Lakini barabara hizi za ndani kwa sehemu kubwa ni udongo mwekundu na changarawe, jambo nitakalolirudia chini.

Rombo na Marangu zina historia nzito pia, ila imefichwa ndani ya migomba. Mwendesha baiskeli anayepita bila kusimama ataona ukuta wa kijani tu. Inambidi ashuke aingie katika vijia vya ndani, vinavyopita kati ya kihamba kimoja na kingine, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, aone kahawa iliyopandwa chini ya migomba, na aisikie mifongo, ile mifereji ambayo Wachaga waliichimba kutoka makorongoni kwa ustadi wa vizazi vingi na ambayo mingine bado inapeleka maji hadi leo. Marangu ndiko alikotoka Yohani Lauwo, anayekumbukwa kwa kuwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni Oktoba 1889. Kilema, kando kidogo ya Marangu, kuna misheni ya Kikatoliki ya mwaka 1890, na kahawa ya mlima huu inahusishwa sana na mapadre wa huko. Katika Keni, ambako barabara ya Rombo inapita, alitawala Horombo, mangi (mtawala wa Kichaga) aliyejenga ngome za mawe na kuzitiisha nchi jirani takriban miaka mia mbili iliyopita. Wapanda mlima wengi hulala katika kambi yenye jina lake bila kujua kwamba lilikuwa la mtu. Kuna pia mahandaki, mapango yaliyochimbwa chini ya ardhi ili watu na mifugo wajifiche wakati wa mashambulizi, na baadhi yanaonyeshwa kwa wageni Marangu na Mamba.

Mtu mwenye siku ya ziada Moshi apande Old Moshi pia, ingawa iko nje ya njia ya Rombo na mpando wake ni mkali. Huko ndiko Mangi Meli alikonyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Inaaminiwa kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Nilipofika mahali pale baiskeli niliiegemeza mbali, nikaenda kwa miguu, na naomba wengine wafanye hivyo.

Taita ina ukale wa aina yake, na unadai adabu. Wadawida, yaani Wataita, wa zamani walikuwa na desturi ya kufukua mafuvu ya wazee wao na kuyaweka katika mapango na chini ya miamba, mahali pa kufanyia matambiko, na sehemu hizo bado zipo karibu na Wundanyi na vijiji vingine. Haifai kuzitafuta peke yako wala kupiga picha bila ruhusa. Tafuta mzee wa mahali, aamue yeye kama unapaswa kuingia. Kwenye misitu midogo iliyobaki, kama Ngangao, wanaishi ndege wasiopatikana popote pengine duniani, na mwendesha baiskeli anayependa ndege atapata huko sababu ya kutosha ya kuisahau baiskeli kwa nusu siku. Chini tambarareni, kuelekea Taveta, kuna kumbukumbu za Vita vya Kwanza vya Dunia: Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi, na kilima cha Salaita kilipiganiwa Februari 1916. Makaburi ya askari yanatunzwa Maktau na Taveta. Hayo yote yako kwenye barabara kuu, kwa hiyo yafikie kwa matatu.

Baiskeli, matairi na gia

Mwenye baiskeli ya mbio yenye matairi membamba ya milimita 25 ana uchaguzi rahisi: Rombo yote, Mombo hadi Lushoto, na Mwatate hadi Wundanyi. Akitoka nje ya hapo kwenye matairi hayo atakuwa anaharibu rimu zake na siku yake. Hii ina maana kwamba Rombo peke yake ndiyo inayompa siku nzima ya kuendesha kwenye lami. Lushoto na Wundanyi zinampa nusu siku ya kupanda na kushuka, kisha akae apumzike.

Mwenye matairi ya milimita 38 au zaidi, mambo yanageuka. Mlalo, Mtae, Vuga, Werugha na Mghange vyote vinafunguka mbele yake, na hapo Rombo inashuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu faida yake kubwa ilikuwa lami. Kama unanunua baiskeli sasa kwa ajili ya nchi za milima kama hizi, nakusihi uchukue hii ya matairi mapana. Utapoteza kidogo mwendo tambarareni na utapata vijiji vyote vya kale.

Kuhusu gia, kwa Wundanyi usiende na baiskeli ambayo gia yake nyepesi ina meno zaidi ya 34 mbele au chini ya 32 nyuma. Kwa Lushoto na Rombo unaweza kuvumilia gia nzito kidogo kuliko hiyo. Mafundi baiskeli wapo Mombo, Lushoto, Himo, Mkuu, Mwatate na Wundanyi, nao ni hodari wa kuziba tyubu na kunyoosha gurudumu, lakini vipuri vyao ni vya baiskeli za kawaida za mizigo. Tyubu za saizi yako, pedi za breki na kiungo cha akiba cha mnyororo ubebe mwenyewe.

Majira

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yanafunga mjadala kwa Usambara na Taita. Udongo wa kando ya Mombo na Soni huporomoka ukaingia barabarani, na barabara za udongo za Mlalo na Mghange huwa utelezi ambao hata bodaboda huuogopa. Rombo ndiyo pekee inayoendesheka wakati huo, kwa kuwa lami yake haina shida na mvua, ingawa utalowa na mlima hutauona. Vuli mara nyingi inaacha asubuhi safi.

Miezi mizuri kwa yote mitatu ni Juni hadi Septemba na Januari hadi Februari. Juni na Julai Lushoto na Wundanyi kuna baridi ya kweli asubuhi, pamoja na ukungu unaokaa hadi saa nne, kwa hiyo koti na glavu si anasa, na taa ya nyuma iwake hata mchana. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuiona Kilimanjaro, na mwendesha baiskeli wa Rombo ana bahati ambayo wageni wengi wa Moshi hawaipati: juu yake anasimama Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, mwenye miamba iliyochongoka, anayefichwa nusu ukiutazama mlima kutoka upande wa magharibi.

Nani aende wapi

Anayeanza, au anayekwenda na mwenza asiye na mazoezi sawa naye, achague Rombo. Alale Marangu, aende hadi Mkuu siku ya kwanza na kurudi, na asijilazimishe kufika Tarakea. Akichoka popote, Noah itasimama, baiskeli itafungwa juu au nyuma, na atafika kwa nauli ndogo. Faraja hiyo haipatikani kwa urahisi huo Mtae wala Mghange.

Anayetaka mpando mmoja mzuri wa kuukumbuka, wenye mwanzo na mwisho, aende Lushoto. Mimi mwenyewe nikiambiwa nichague njia moja tu kati ya hizi, nachukua hii, na siku nne: siku ya kwanza Mombo hadi Lushoto, ya pili Irente kwa miguu ili kuipumzisha miguu ya pedeli na kula mkate na jibini za shamba la kanisa huku ukitazama ukingo wa mlima, ya tatu Mlalo kwa matairi mapana, na ya nne kurudi Soni, kuingia Vuga, kisha kushuka. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayobadilisha nchi, mazao, lugha ya salamu na simulizi kiasi hicho katika umbali mfupi namna hiyo.

Taita nawaachia waliokwisha kuzoea. Anayejua kupanda, anayejitegemea kwa matengenezo, na anayetafuta upweke kuliko kitu kingine chochote, hatapata mahali pazuri zaidi kwa wiki nzima ya kukaa Wundanyi na kuchagua kilima kipya kila asubuhi. Anayeishi Mombasa au Nairobi pia ataona kwamba ndiko karibu kwake, na hana haja ya kuvuka mpaka.

Kuna swali la wanaotaka kuziunganisha zote tatu, na linawezekana, kwa kuwa Himo iko katikati: upande mmoja Holili na Taveta hadi Mwatate, upande mwingine Same hadi Mombo. Ila barabara mbili zinazounganisha ndizo zile zile za malori na mabasi ambazo safari hii inazikimbia. Wekeni baiskeli kwenye basi kati ya Himo na Mombo, na kwenye matatu kati ya Taveta na Mwatate. Hati za kusafiria ziwe tayari kabla ya Holili. Mpangilio ulio bora ni kuanza Rombo ili miguu izoee, kwenda Taita wakati nguvu zimekaa sawa, na kumalizia Usambara. Siku ya mwisho shukeni kutoka Soni mapema, Fuso za mboga zikiwa bado zinapakiwa juu, ili mfike Mombo kabla ya jua kali na kulisubiri basi la nyumbani chini ya mwembe.